Siku Niliyovuliwa Machimboni

Mkiniona nimefunga mishipi miwili kiunoni msinicheke, maana aibu ya ile Jumapili ya machimboni bado ninayo, na afadhali niisimulie mwenyewe kabla mke wangu hajawasimulia (yeye huongeza chumvi, na kisa chenyewe tayari kina chumvi ya kutosha).

Nilikuwa kijana wa Ziwani, mtaa ambao hauna ziwa hata la kuogea bata, na kazi yangu ilikuwa kukata akala kule Kariokor, vile viatu vya matairi ambavyo mtu akinunua leo atawarithisha wajukuu. Nikampenda Mumbua wa kwaya ya kanisani. Taabu ilikuwa baba yake, Mzee Mutiso, dereva wa lori mstaafu aliyejifunza kuvua samaki kwenye safari zake za Kisumu, na sasa kila Jumamosi alikaa na ndoano yake kwenye machimbo ya mawe ya zamani yaliyojaa maji ya mvua, akarudi mikono mitupu. Nilipompelekea habari za posa alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani, akasema, "Anayemtaka binti yangu, kwanza nataka nione kazi ya mikono yake."

Basi mimi na mdomo wangu! Nilikuwa nimemsikia akilalamika kwamba samaki wake, wale ngege, hawazaani mle kwa sababu chini ni jiwe tupu, hawana pa kujificha, nikaropoka, "Mzee, mimi nitawajengea nyumba."

"Wewe? Watu wa kwenu Murang'a hata samaki hawali!"

"Hatuli, Mzee, lakini kujenga tunajua."

Nikakusanya matairi sita, nikayafunga kwa vipande vya tyubu, matatu chini, matatu juu, ghorofa kamili, na yale ya chini nikayajaza mawe. Mzee alipita Kariokor kuikagua, akaniambia jambo moja tu: "Yatoboe, hewa itoke." Nikasema ndiyo Mzee, na sikutoboa. Jamani, fundi wa akala atoboe tairi zima bure? Nilijiambia samaki wakiikataa nyumba nitaiopoa nikate viatu (tamaa tu, hakuna kingine).

Jumapili baada ya ibada Mumbua alikuja na kwaya nzima, na majoho yao, kuibariki nyumba ya samaki. Mimi nimepiga suruali mpya ya bugaluu, pana chini hata paka angejificha, na akala nilizoshona wiki hiyo hiyo ili Mzee azione. Kufika ukingoni, tairi moja likalegea, vipande vya tyubu vimekwisha, nikavua mshipi wa suruali nikalifungia. Kwaya ikaanza wimbo, nami nikaisukuma nyumba majini.

Ikaelea.

Nikaikanyaga kwa mguu, ikazama kidogo, ikaibuka. "Ulitoboa?" akauliza Mzee. Nikajifanya sikusikia, nikairukia ili niizamishe kwa uzito wangu, na hapo upepo ukatuchukua, mimi na ghorofa yangu, polepole hadi katikati ya machimbo, na mimi kuogelea sijui, mtoto wa milimani, maji niliyoyazoea ni ya birika. Woga ulionishika siusemi! Nikapiga kelele, "Nakufa!" Kwaya wakadhani ni sehemu ya mpango, wakapandisha sauti.

Mzee akachukua mshipi wake wa kuvulia, ule uzi mnene wa nailoni, akaurusha. Ndoano ikanasa suruali yangu kwa nyuma. Akaanza kuvuta, na suruali, kwa kuwa haina mshipi, ikaanza kushuka.

"Tulia nikuvue!" akapaza sauti.

"Usinivue, Mzee! Kuna watu!"

"Nakuvua, mjinga wewe! Shika tairi!"

"Usinivueee!"

Hapo ndipo kwaya ilipoacha kuimba. Nikamsikia Mumbua, "Woi, baba, mvue tu!" kisha akajishika mdomo, na watu wote wakaanguka chini kwa kicheko. Suruali ikashuka yote. Ndani nilikuwa na kaptura aliyonishonea mama kwa mfuko wa unga, na makalioni pameandikwa GREDI YA KWANZA kwa herufi za kusomeka hata ng'ambo. Suruali ikafika kwenye vifundo vya miguu, ikanasa kwenye akala, na Mzee akavuta kwa nguvu zote za dereva wa lori, mimi nimekumbatia matairi, miguu mbele, mpaka tukafika ukingoni.

Sikuweza kumtazama mtu. Nilijua mke nimemkosa. Lakini Mzee hakucheka. Aliinama, akashika ukanda wa akala yangu, akauvuta, akauvuta tena.

"Hii umeshona wewe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Haijakatika," akawaambia watu. Kisha akanipa nyundo na msumari mrefu. "Haya, kijana. Maji umeshayavulia nguo. Yaoge."

Nikasimama juu ya mwamba wa ukingoni, kwenye maji ya kiunoni, na kaptura yangu ya gredi ya kwanza, nikatoboa tairi moja baada ya jingine, kila tundu likitoa mapovu na kwaya ikishangilia kila povu. Nilipoisukuma kutoka kwenye ule mwamba, nyumba ilizama moja kwa moja, na mshipi wangu ndani yake, na nilifurahi mpaka nikasahau niko nusu uchi.

Mvua za masika zilipopita ngege walikuwa wamejaa mle. Na wazee wetu walipokwenda kuposa, shangazi mmoja wa Mumbua akauliza kijana huyu ametokea wapi. Mzee Mutiso akasimama. "Huyu nilimvua mwenyewe, mbele ya kanisa zima," akasema. "Na samaki wangu simrudishi majini."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Mimi nikaapa palepale kwamba nikiambiwa toboa, nitatoboa. Mumbua akaniinamia sikioni akaniuliza, "Leo umefunga mshipi?"

Nilikuwa nimefunga miwili.