Nilivyotafsiri Ushindi Wake

Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari huko Fort Worth, kila kocha alikuwa na habari za kijana mmoja wa Mansfield, mji wa jirani. Alikimbia mita mia nane, na watu wa vyuo vikuu walikuwa wanakuja kukaa jukwaani ili wamwone yeye tu. Mimi nilikuwa nimetoka kambi ya wakimbizi Tanzania na wazazi wangu, Wakongo, na sikuwa na jina popote. Lakini kocha wangu aliamini ninaweza kumkaribia, na chuo kimoja kilikuwa kimeanza kunipigia simu kuhusu ufadhili wa masomo kwa wakimbiaji.

Tulikutana kwenye mashindano ya kanda. Kwenye kona ya mwisho nilikuwa begani kwake kabisa. Akasogea nje kidogo, kiatu chake chenye misumari kikanipiga kisigino. Hakukusudia, hilo sijawahi kulitilia shaka. Nilianguka kifudifudi, na nilipoinua kichwa alikuwa ameshamaliza.

Mshipa wa kisigino ulikuwa umekatika. Madaktari walinipasua, nikapona kiasi cha kutembea, siyo cha kukimbia. Simu za chuo zikakoma. Papa, baba yangu, alikuja kukaa kando ya kitanda changu, akaangalia bandeji muda mrefu, akasema, "Basi utafanya kazi kama sisi." Hakusema kwa ubaya.

Nikafanya kazi. Nilioa, tukahamia Houston walikokuwa ndugu za mke wangu, nikapata kazi kwenye ghala la vipuri vya magari karibu na Stafford. Miaka ikaenda.

Mwaka jana, baada ya ibada, pasta alinishika mkono. "Ndugu, Jumapili ijayo tuna mgeni. Anagombea bunge la jimbo. Wewe ndiye utatutafsiria." Alipotaja jina, lilikuwa la yule kijana wa Mansfield. Nikaitikia tu, sawa pasta.

Alikuja na suti ya buluu, amenenepa kidogo. Sasa alikuwa mwanasheria hapa Houston. Nikasimama kando yake na maikrofoni yangu.

"Nilipokuwa shule nilikuwa mkimbiaji," alisema kwa Kiingereza.

"Nilipokuwa shule nilikuwa mkimbiaji," nikasema kwa Kiswahili.

Akasimulia siku ile. Jua, umati, kona ya mwisho. "Nikasikia mtu ameanguka nyuma yangu. Sikugeuka. Nikakimbia mpaka mwisho, nikashinda."

Nikayasema yote, neno kwa neno. Kina mama wa kwaya wakapiga vigelegele. Nilikuwa nasikia sauti yangu kwenye spika kama ya mtu anayesoma matangazo.

"Leo nimegeuka," akaendelea. "Ninakwenda bungeni Austin kwa ajili ya walioanguka."

Nikatafsiri hilo pia. Watu wakasema amina. Mke wangu, anayeijua habari yote, alikuwa ameinamisha kichwa.

Baadaye, kwenye chai na mikate, mgeni alinijia mwenyewe.

"Umenisaidia sana. Ulisoma wapi?"

"Fort Worth."

"Kumbe! Ulicheza mchezo gani?"

"Nilikimbia kidogo. Mia nane."

Alicheka, akanipiga begani. "Basi huenda tuliwahi kukutana!"

"Huenda," nikasema.

Alinitazama kidogo zaidi, kama anayetafuta kitu, halafu pasta akamvuta kwenda kupiga picha na wazee.

Ndani ya gari mke wangu hakuwasha redio. "Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ni wewe."

Niliendesha. Nilijaribu kutafuta hasira, kwa sababu nilijua ingefaa iwepo, sikuipata. Hata huzuni sikuipata. Nilikuwa nawaza kwamba gari linahitaji kubadilishwa oili. Binti yetu, huko nyuma, aliuliza kwa Kiingereza tunazungumza habari za nani. Mama yake akamjibu, "Mtu wa siasa."

Nilimpigia kura, wale wengine hawakuwa na nafuu. Alishinda. Jioni ya matokeo nilimwona kwenye televisheni, mikono juu, mke wake anamkumbatia. Nikamaliza wali wangu, nikaosha sahani.

Mwezi uliopita dada mmoja wa ofisini kwake alinipigia. Mheshimiwa ana mkutano mwingine na Wakongo, na ameomba yule mkalimani wa kanisani. Nilimwambia aniache niangalie zamu zangu. Niliziangalia. Siku hiyo sina kazi, na bado sijampigia.