Kibanio Chekundu na Paka Mwenye Sukari

Wifi yangu amewaambia watu kwamba nilimlisha sukari paka mwenye ugonjwa wa sukari, na kwamba nilifanya hivyo kwa sababu sikusoma. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nilimlisha. Na sikusoma. Nusu nyingine, ile inayoeleza kwa nini siku hiyo paka alikuwa amelala chini kama tambara la kufutia miguu, hajamwambia mtu.

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi kwenye chumba cha uani, nyumbani kwa mdogo wangu, fundi wa friji, na mke wake, mwalimu. Nilihamia hapo mwaka ule mume wangu alipotoka kwenda kununua betri za redio. Redio ninayo mpaka leo. Shule niliacha darasa la pili, kwa sababu mdogo wangu alikuwa amezaliwa, mama alikuwa kazini, na mgongo uliokuwa hauna kazi ulikuwa wangu. Nambari nazijua. Herufi nilizimalizia ukubwani, kwenye vikaratasi vya majina ambavyo wateja hubandika kwenye mafurushi yao.

Paka ni wa wifi. Anaitwa Mkaguzi, kwa sababu huingia kila chumba, huangalia huku na huku, kisha hutoka bila kusema neno, na aliyebaki ndani hujiuliza amekosa nini.

Mwaka jana Mkaguzi alianza kunywa maji. Alimaliza bakuli lake, akaja kwenye ndoo yangu ya kusuuzia. Sanduku lake la mchanga likawa linaloa kama limenyeshewa mvua. Alikula kama mtu anayesafiri kesho, na bado mgongo ukachomoza mifupa. Halafu miguu ya nyuma ikalala, akawa anatembea kwa visigino.

"Ni uzee," alisema wifi.

"Ni ugonjwa," nikasema.

"Wifi, umekuwa daktari lini?"

"Mimi dobi. Lakini anayekunywa maji ya sabuni na kurudi kuongeza ana shida."

Tulimpeleka kwa daktari wa wanyama, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimtoboa ukingo wa sikio, akapata tone la damu, akaligusisha kwenye kimashine. Kikasema ishirini na sita. Daktari akasema ni kisukari, sawasawa na cha watu, na dawa yake ni insulini ya sindano, mara mbili kwa siku. Wifi akalia. Daktari alipoitoa sindano yenyewe ili amwonyeshe, wifi akakaa kwenye kiti ambacho hakikuwepo, na ikabidi ainuliwe.

Daktari akanigeukia mimi. "Nyoosha mkono." Nikanyoosha. "Hautetemeki."

"Nanyoosha kola za hariri kwa pasi ya moto."

"Basi mgonjwa ni wako."

Akatueleza. Saa moja asubuhi na saa moja jioni. Kwanza ale, asipokula asidungwe, na yeye daktari apigiwe simu. Kichupa kikae mlangoni mwa friji, na kisitikiswe, kiviringishwe tu katikati ya viganja. Mistari miwili ya bomba la sindano, basi. Mwisho akatunyooshea kidole, sote wawili.

"Kama hamna uhakika ameshadungwa au bado, msidunge. Akikosa moja hafi. Akipata mbili anaweza kufa. Na siku mkimwona anayumba au ameanguka, mjue sukari imeshuka mno. Mpakeni kitu kitamu kwenye fizi, hata maji ya sukari, halafu mkimbie huku."

Wifi aliyaandika yote kwenye daftari, vichwa vya habari akavipigia mstari. Mimi niliyasikia.

Nyumbani wifi alibandika kwenye mlango wa friji karatasi yenye masanduku ya siku saba. Mimi nikapigilia misumari miwili kando ya friji, nikavuta uzi katikati, nikaweka kibanio kimoja chekundu, katika vile vya kuanikia nguo. Kibanio kikiwa kushoto, amedungwa asubuhi. Kikiwa kulia, amedungwa jioni.

"Wifi jamani," akacheka, "hii ni tiba, si kamba ya nguo."

"Karatasi yako nayo ni ya tiba?"

"Karatasi ina tarehe."

Ilikuwa na tarehe. Ila aliijaza Jumapili jioni, wiki nzima kwa mkupuo mmoja, kwa mwandiko mzuri.

Basi nikawa nauguza paka. Kabla ya kumtoboa sikio nilikunja kitambaa safi, nikakipitishia pasi, nikakijaribu shavuni mwangu, kisha nikamfunika sikio hadi likawa jekundu kwa ndani. Sikio likipata joto, damu haibembelezwi. Daktari aliponiona nikifanya hivyo alisema mwenyewe hakuwahi kulifikiria. Nilimdunga ngozi ya mgongoni akiwa ameinamia bakuli, na mara nyingi hakuinua hata kichwa. Ishirini na sita ikawa kumi na tisa, ikawa kumi na nne, ikawa tisa. Visigino vikainuka. Akarudi kwenye ukaguzi.

Baada ya miezi mitatu wifi naye akapata ujasiri wa sindano. Damu alikataa, sikio hakuligusa, ila sindano aliiweza, hasa kukiwa na mtu wa kumtazama. Tukakubaliana: kazi ni yangu, na siku akitaka kudunga yeye, aniambie kwanza.

Sasa ile Jumamosi. Saa moja asubuhi nilimpima Mkaguzi, tisa. Akala, nikamdunga mistari miwili, nikasogeza kibanio kushoto, nikarudi uani. Nilikuwa na mashuka ishirini ya nyumba ya wageni.

Saa mbili wakaja walimu wenzake wifi, watatu: wa hesabu, wa sayansi, na yule wa michezo ambaye hucheka kabla ya wenzake. Wifi alikuwa amefungua mfuko mpya wa chakula kikavu cha paka. Mfuko ukawa haufungiki. Alitafuta cha kuubania, akaona kibanio kimekaa tu kwenye uzi, hakina kazi, akakichukua.

Baada ya chai wageni wakaulizia paka. Wifi akawaeleza habari za insulini hadi wakataka kuona. Akaenda kwenye friji, akatazama uzi. Uzi mtupu. Akatazama karatasi yake. Tupu pia, ilikuwa Jumamosi. Akatoa kichupa, akamdunga mistari miwili mbele yao. Mimi nilisikia makofi kutoka uani. Nilidhani kuna mtu amepandishwa cheo.

Saa tano Mkaguzi aliingia chumbani kwangu na hakukagua kitu. Alitembea kama mlevi anayetafuta ufunguo, akaangukia kwenye rundo la mashuka, miguu ikipiga kasia. Sikungoja kitambaa cha moto. Nilimtoboa sikio, nikapata tone dogo, kimashine kikasema moja nukta nane. Pembeni ya birika langu kuna kopo la sukari. Nilikoroga vijiko viwili kwenye kikombe, maji kidogo, nikaanza kumpaka kwenye fizi kwa kidole.

Hapo ndipo wifi alipofika mlangoni kumtafuta paka wake, na walimu watatu nyuma yake.

"Wifi! Unampa nini?"

"Sukari."

"Paka ana sukari!"

"Hana."

"Ana sukari, wifi, miezi mingapi sasa, ana sukari!"

"Ana ugonjwa wa sukari. Sukari yenyewe hana. Imekwisha."

Mwalimu wa hesabu akauliza, "Sasa ana au hana?"

"Hiyo kwake ni sumu," akasema mwalimu wa sayansi, na kwa kuwa yeye ni wa sayansi wenzake wakanyamaza.

"Ndiyo hasara ya kutosoma hii!" wifi akapiga kelele, akanipiga kikombe mkononi. Kikaenda ukutani.

Kwenye kidole bado ilibaki. Nikamsukuma wifi kwa bega, nikafunga mlango, nikatia komeo. Wao wakagonga, mimi nikakoroga kikombe cha pili. Nilimpaka, nikangoja, nikampaka. Nje mwalimu wa michezo alikuwa akiuliza kama waite polisi, na kama polisi hushughulikia paka. Baada ya muda Mkaguzi akalamba kidole changu mwenyewe. Halafu akaking'ata. Nikajua anarudi.

Mdogo wangu alisikia kelele, akaja mbio kutoka karakana yake iliyo ng'ambo ya ukuta, akapitia dirishani. Nikampa paka ndani ya foronya, nikatoka kwa dirisha hilohilo, na umri wangu huu, na tukaondoka na gari lake lenye friji ya mtu nyuma.

Daktari alimpima, akamwekea dripu. Kisha akauliza, "Nani alimpaka sukari?"

Mdogo wangu akaninyooshea kidole kama anayeshtaki.

"Huyu ndiye aliyemleta hai. Mngechelewa hivi tu, mngeleta maiti. Alidungwa mara ngapi leo?"

"Mara moja," nikasema. "Saa moja."

"Hii si kazi ya sindano moja."

Mdogo wangu aliangalia viatu vyake. "Mke wangu alikuwa na wageni," akasema. "Nilisikia makofi."

Tuliporudi wageni walikuwa wameshaondoka, na hadithi wameondoka nayo. Nilienda moja kwa moja jikoni. Kibanio changu kilikuwa kimeng'ang'ania mfuko wa chakula cha paka.

"Uzi ulikuwa mtupu," wifi akasema kabla sijamuuliza. "Nikajua umesahau."

"Nani alikitoa kibanio?"

"Wifi, kibanio ni kibanio. Nyumba hii ina vibanio mia."

"Mle kwenye daftari uliandika ukiwa na shaka ufanye nini?"

"Sikuwa na shaka."

Jibu hilo nimeligeuza kila upande na bado sijapata pa kulishika.

Mdogo wangu alimwambia alichosema daktari. Alimwambia chumbani, mlango ukiwa umefungwa, kwa sauti ya chini. Wifi alilia, nilimsikia. Jumatatu akaenda shule. Ijumaa mwalimu wa sayansi akatuma mtu kuchukua suti zake kwangu hazijapigwa pasi, na mteja mwingine, mama wa duka la vitambaa, akaniuliza huku akicheka kama kweli huwa nawapa wagonjwa wa sukari sukari. Nikamwambia nimempa mmoja tu. Akacheka zaidi. Yeye bado analeta nguo, lakini sasa huzihesabu mbele yangu, na kila rangi hunitajia jina lake.

Wifi akachukua dawa ikawa kazi yake. Alisema ni kwa usalama. Uzi akauondoa, misumari ikabaki. Kwa kuwa sikio hakuweza kulitoboa, hakupima. Kwa kuwa hakupima, aliogopa. Kwa kuwa aliogopa, siku nyingine alidunga mstari mmoja, siku nyingine hakudunga kabisa na akajaza karatasi. Mimi nilikaa uani nikinyoosha mashuka ya watu na kuhesabu mara ngapi Mkaguzi anakuja kunywa kwenye ndoo yangu. Siku ya kwanza mara mbili. Siku ya tisa mara kumi na moja, na akaja kwa visigino.

Siku hiyo mdogo wangu alisimama mlangoni kwangu, bisibisi mkononi.

"Dada, rudi kwenye paka."

"Nani amekutuma?"

"Yeye."

"Miguu yake mwenyewe imelala pia?"

"Dada, yaishe basi."

"Yaishe kwa nani? Mimi nimejulikana mji mzima kama mtu wa sukari. Mwambie aje."

Wifi alikuja. Alisimama nje ya kizingiti, macho yake kwenye pasi. Nilimwambia nitarudi, na nitarudi jioni hiyohiyo, kwa sababu paka hakumsema mtu. Lakini nataka sentensi moja, isemwe mbele ya wale watatu, sebuleni, wakiwa wamekaa. Nikampa sentensi yenyewe ili asihangaike kuitunga: Sindano ya pili nilidunga mimi, na sukari ndiyo iliyomponya.

"Nitasema, wifi," akajibu. "Wakija nitasema."

Nilirudisha uzi. Kitambaa cha moto, sikio, ishirini na mbili. Kazi yote ya mwanzo. Ilituchukua wiki saba kurudi kwenye kumi, na sasa Mkaguzi anatembea kwa vidole na anakagua mpaka juu ya kabati. Hanidai, simdai.

Hiyo ni miezi minne. Walimu wamekuja mara mbili. Mara zote mbili nilipeleka chai mwenyewe, nikapanga vikombe kimoja kimoja, nikapanga visosa, nikanyoosha kitambaa cha meza ambacho nilikuwa nimeshakinyoosha asubuhi. Mara ya kwanza wifi alizungumzia mitihani. Mara ya pili mwalimu wa michezo alimwona Mkaguzi akipita, akasema, "Huyu bado yupo? Jamani, mficheni sukari," akacheka. Wifi alinitazama. Alifungua mdomo kabisa, niliona meno. Halafu akamkaribisha mgeni aongeze chai.

Kwa hiyo bado. Wifi ana deni la sentensi moja, maneno tisa, na watu wa kuambiwa anawajua. Mdogo wangu ana deni la sauti: alichoambiwa na daktari akiseme sebuleni kama alivyokisema chumbani, na asijifanye hajui, nilimbeba mgongoni nikiwa na miaka minane, najua anavyonyamaza. Na jikoni, kwenye mfuko wa chakula cha paka, kuna kibanio chekundu. Uzi siku hizi naufanyia kazi kwa cha bluu. Sikichukui kile. Aliyekitoa ndiye atakayekirudisha.