Niliupangisha Foleni Mpira wa Gofu wa Mume Wangu

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla hamjaanza kumlaumu mume wangu, maana mkifika katikati mtamlaumu, na mimi sitawazuia.

Jina langu liacheni. Nakaa Kariakoo, chumba kimoja cha kupanga, si mbali na Mtaa wa Msimbazi. Nimesoma hadi kidato cha nne, nina mtoto mchanga ambaye hapa nitamwita Neema, na nina hasira. Ndiyo, mpaka leo.

Baba Neema ni karani katika shirika moja la umma. Meneja wake anacheza gofu. Siku moja akamwambia, "Kijana, njoo Jumapili utembeetembee na sisi." Jamani! Tangu hapo nyumba yangu haijatulia.

Gofu, kwa asiyeijua, ni mchezo wa watu wazima kupiga kampira kadogo kwa fimbo ndefu, kisha kukafuata kwa miguu juani, kisha kukapiga tena. Hakuna anayewafukuza. Wanafanya kwa hiari yao.

Fimbo aliazimwa. Mipira ndiyo kila mtu anakwenda na yake. Kule uwanjani vijana wanaobeba mikoba wanaiokota ile iliyopotea majanini na kuiuza kwa bei ya andazi. Mume wangu akaikataa. Akanunua mipya ya Ulaya, mitatu ndani ya kikasha, kwa mtu anayeileta kutoka Nairobi kwa njia anazozijua mwenyewe.

Na pesa aliyoinunulia ndiyo tuliyokuwa tumeiweka kwa maziwa ya kopo ya Neema!

Maziwa yangu mwenyewe yalikauka baada ya kuugua malaria. Kopo kwa mlango wa nyuma linapatikana, ila kwa bei ya kukutoa machozi, na pesa yake ndiyo hiyo imeshakuwa mipira. Ikabaki kungoja duka la kaya, lile la bei ya serikali, lipate mgao, nikapange foleni.

"Baba Neema," nikamwuliza, "hii mipira ina nini ndani? Almasi?"

"Huwezi kuelewa, mke wangu. Mpira wa bei ukiugonga, hata mlio wake ni mwingine."

"Na mlio wa mwanao akiwa na njaa unausikiaje?"

Akavaa viatu akatoka.

Jumapili ya kwanza, mpira wa kwanza uliingia majini. Jumapili iliyofuata, wa pili ulikwenda anakojua Mungu. Ukabaki mmoja. Akauvalisha soksi safi, akauweka kabatini juu ya shati zake. Mtoto wangu hana soksi, mpira unayo!

Jumamosi asubuhi ikasikika kwamba duka la kaya limepokea maziwa. Mume yuko kazini. Nikamfunga Neema mgongoni, nikachukua kikapu, na kwa hasira nikautia ule mpira humo, nikamwonyeshe Mama Aika upumbavu wa mtu niliyeolewa naye.

Mama Aika ni jirani yangu, mke wa mfanyabiashara, Mchaga mwenye mdomo. Nilimkuta amewahi, yuko karibu na mlango. Alipouona mpira alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwenzangu, huyu karani amekuwa bwanyenye lini? Sisi makabwela tunapanga foleni ya unga, yeye anapiga mayai!"

Nikarudi mwisho wa mstari, nikasimama. Jua likapanda. Neema akaanza kulia. Uji wake ulikuwa nyumbani, na mtoto mdogo hawezi kuelezwa habari za mgao.

Sasa, wote mnajua utaratibu wetu. Ukitaka kutoka, unaacha jiwe mahali pako. Jiwe ni mtu. Siku hiyo mstari ulikuwa na mawe, vipande vya matofali, kandambili moja ya zamani. Hakuna anayeyagusa, na ukirudi unalisogeza jiwe lako na kusimama.

Mawe yalikuwepo tele pembeni ya barabara. Niliyaona kwa macho yangu! Lakini hasira ilikuwa imenipanda. Nikatoa mpira kwenye soksi nikauweka chini.

Mama Aika akapaza sauti kutoka mbele, "Mama Neema, weka jiwe!"

"Nimechoka na mawe! Pesa ya maziwa iko ndani ya huu mpira. Basi na uyatafute hayo maziwa wenyewe!"

Watu wakacheka. Nikajiona mjanja. Nikaondoka kichwa juu, kwenda kumpa Neema uji wake.

Niliporudi, mstari umejibana. Mpira hakuna. Mama Aika hayupo, ameshaingia ndani kupokea chake.

"Mpira wangu uko wapi?" nikauliza.

"Mpira gani, mama? Hapa tumepanga foleni au tunacheza?"

Mzee Salim, yule Mwarabu mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, ndiye aliyeniambia. Alikuwa ameketi mlangoni kwake, akaona yote. Ulipita mkokoteni wa magunia, watu wakarukia pembeni, mguu wa mmoja ukaugusa. Mpira ukashika njia.

"Umepita hapa mbele yangu, binti," akasema kwa upole, "hata salamu haukutoa. Umevuka barabara, umeingia mtaroni."

Na mtaro, kwa mvua ya jana yake, ulikuwa unakimbia kuelekea Jangwani.

Nikamwendea balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuwa anasimamia mstari. "Shikamoo, baba. Nafasi yangu ilikuwa pale, watu wote wameniona."

"Marahaba. Jiwe lako liko wapi?"

"Lilikuwa mpira, baba. Umebiringika."

Mzee wa watu akasema, "Binti yangu, jiwe likikaa, linatuambia wewe upo. Sasa wewe mwakilishi wako amekimbia. Niamue vipi?"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Mwanamke mmoja nyuma akadakia, "Mpeleke kwa mwalimu huyo, ndugu balozi! Kasoma, lakini hajafundishwa jiwe!"

Nilikwenda mwisho. Nilisimama pale na mtoto mgongoni, nikisogea polepole, nikihesabu makopo yanayotoka kama vile kuyahesabu kungeyaongeza. Nilipoufikia mlango, ukafungwa. Maziwa yamekwisha.

Sikulia kwa sababu ya foleni. Nililia kwa sababu Neema alikuwa amenyamaza, ameegemeza shavu mgongoni kwangu, ananiamini.

Nilimkuta Mama Aika uani amejua yote, maana habari za Kariakoo hazihitaji redio. Kopo lake lilikuwa mkononi. Na yeye ana mtoto.

"Lete bakuli," akasema. "Nakumiminia nusu. Lakini kwa sharti. Mumeo utamwambia wewe mwenyewe, na mimi niwepo. Raha hiyo siikosi."

Nikakubali. Nusu kopo! Nilimshukuru, na moyoni nikajiapiza kwamba nitasema kweli yote. Halafu jioni mume akarudi, akafungua kabati, na mimi nikafanya kosa la pili.

"Mpira wangu umekwenda wapi?"

"Labda panya."

"Panya anabeba mpira wa gofu?"

"Panya wa Kariakoo hawa, Baba Neema. Unawajua?"

Maskini, akaenda kuazima mtego! Akaupachika kipande cha dagaa na kuuweka chini ya kabati. Nikaona aibu, lakini si aibu ya kutosha kunifungua mdomo.

Jumapili akaenda mikono mitupu. Alasiri akarudi ameshika mpira mchakavu, umechubuka kama goti la mtoto. Aliununua kwa mmoja wa wale vijana. Mara ya kwanza katika maisha yetu ya gofu, mpira ukarudi nyumbani!

"Huu hauna nguvu," akalalamika. "Ukiupiga, unakwenda pale tu, unauona."

"Si ndiyo vizuri, shemeji?" Mama Aika akamwambia, ameshaleta kigoda chake uani na kukaa. Kisha akanigeukia. "Haya, mwenzangu. Mwambie."

Nikamwambia. Kuanzia kikapu mpaka mtaro. Nikamwambia na nusu kopo. Nikamwambia na panya. Nilitegemea makelele, na nilikuwa nimejiandaa na yangu.

Alisikiliza, amempakata Neema mapajani. Nilipofika kwenye njaa ya mtoto, aliinamisha kichwa, akasema taratibu, "Pesa ile sikupaswa kuigusa." Nikaanza kulainika, wallahi nilianza.

Kisha akainua uso.

"Na huo mpira," akauliza, "ulienda mbali?"

"Nini?"

"Kutoka kwenye foleni. Ulifika mbali?"

"Ulivuka barabara nzima, mpaka mtaroni!"

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, macho yakang'aa. "Umeona sasa? Kwa kuguswa na mguu tu! Mpira wa bei huo."

Mama Aika alianguka na kigoda chake.

Wanawake wenzangu, nawaonya. Ukiwa na ugomvi na mumeo, gombana naye akiwa mbele yako, umalize. Usiutie kikapuni ukatoka nao. Mimi nilitaka kumkomoa baba, nikamkomoa mtoto, na kama si nusu kopo la jirani sijui leo ningekuwa naandika nini.

Na ninyi wanaume mnaojifunza gofu, mnaotaka kujua kama ile mipira ya bei ina maana yoyote, nunueni ya kuokotwa. Yenyewe imeshazoea kupotea.