Shanga za Upande wa Kushoto

Katika darasa lile la chekechea, hesabu ya kutoa haikuandikwa ubaoni. Ilishikwa kwa mikono. Mtoto alitandika mkeka mdogo, akapanga shanga, akampa mwenzake idadi aliyotajiwa, kisha akahesabu zilizobaki. Mwalimu aliyewafundisha hivyo kwa miaka kumi na tisa walimwita Mama Shanga. Msaidizi wake alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Asubuhi moja Mwalimu alimwambia binti mmoja, msemaji kiasi cha kuitwa Kasuku, "Tisa, toa mbili." Kasuku akatoa mbili. "Zimebaki ngapi?"

"Saba."

Mwalimu akazigusa moja moja kuanzia kulia. "Moja, mbili, tatu, nne. Zimebaki nne, mwanangu."

Watoto wakaangua kicheko. "Mwalimu unatutania! Na hizi je?" Kasuku akaokota tatu za kushoto, akamwekea kiganjani. Mwalimu akashtuka kana kwamba zimedondoka kutoka darini.

Mdogo mtu aliacha kazi yake, akamtazama dada yake. Wiki nzima dada yake alikuwa akila nusu ya sahani, nusu ileile ya kulia, kisha akilalamika kuwa amepunjwa. Bega lake la kushoto lilikuwa na alama ya kugonga fremu ya mlango.

"Dada, twende hospitali leo."

"Kwa ajili ya macho? Nitanunua miwani. Wiki ijayo tunaanza kubadilisha fimbo ya shanga kumi kuwa shanga moja moja. Nani atawafundisha, wewe unayehesabu kwa vidole?"

Mdogo mtu akacheka kidogo, akanyamaza. Kosa hilo la kunyamaza bado anamwomba Mungu amsamehe.

Saa sita mchana Mwalimu alianza kuwavusha watoto barabara mmoja mmoja kama kawaida, wa kwanza Kasuku, aliyemshika kwa mkono wa kushoto. Alitazama kulia, akatazama mbele, akaingia. Walipofika katikati, lori lilikuwa linakuja kutokea kushoto, kubwa, likipiga honi mfululizo, naye alikuwa bado anatembea taratibu, akitabasamu. Mdogo mtu, aliyekuwa ukingoni na watoto wengine, aliwarukia kwa nyuma, akawavuta wote wawili. Upepo wa lori ukaipeperusha sketi ya Kasuku.

"Limetokea wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Lilikuwepo muda wote, dada."

Mwalimu aliutafuta kwa macho mkono wa mtoto uliokuwa ndani ya wake wa kushoto, hadi akauona. Kisha akafungua mkoba, akatoa ufunguo wa kabati la shanga, akampa mdogo wake. "Twende hospitali," akasema.

Picha za kichwa zilionyesha uvimbe kwenye ubongo, uliomfanya asitambue kitu chochote cha upande wake wa kushoto. Mungu alimwachia majuma tisa, na mengi ya hayo aliyatumia kitandani, trei ya shanga mapajani, akimfundisha mdogo wake somo lile la kubadilisha kumi.

"Usiwaambie jibu," alisema. "Waache walishike."

Mdogo mtu alijifunza kukaa upande wa kulia wa dada yake. Alipojisahau akakaa kushoto, dada yake alimwita kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu aliye chumba kingine.