Gari Lenye Mgongo wa Jembe

Harufu ya maharage yaliyoungua hunirudisha kijijini Mwazye, jikoni kwa bibi mzaa baba, ambaye aliunguza karibu kila chungu kwa maneno mengi, ugonjwa niliourithi. Siku yasipoungua, ukimsifu, anakupokonya sahani. "Sifu shamba! Mimi nimefanya nini?" Nilidhani ni ukali wa uzee tu, kumbe ukoo wote ule wa wahunzi ulikuwa hivyo. Mtu hasemi "hiki nimekitengeneza mimi". Akisema, waliamini, moto unamkataa na chuma kinampasukia mkononi.

Baba alitoka humo, akahamia Sumbawanga mjini kuwa fundi bodi za magari. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini macho ninayo, na masika moja niliona mkulima mmoja wa kizungu akimletea gari la mbio la viti viwili, bodi yote imeteketea, zimebaki injini na magurudumu. Mchoro hakuacha. Baba alichimba shimo kwenye gogo, akagongea bati humo, ngo, ngo, hadi majirani wakazoea. Siku ya boneti alimwomba mama jembe lililofuliwa na babu, akalilaza mchangani, akalitazama mpaka uji wake ukapoa. Boneti ikatoka na mgongo katikati, ukishuka taratibu kama wa jembe. Lilipendeza gari lile mpaka niliona haya kulitazama.

Kiangazi cha tatu baada ya hapo akaja mzungu mwingine na daftari. Gari lilikwisha kuuzwa Ulaya, umbo lake halina la pili, na yeye alikuwa amefuata nyayo zake kurudi lilikotoka, mji hadi mji, mpaka uani kwetu. Aliyelibuni, alisema, ataandikwa kitabuni, tena ataitwa kwao akatengeneze mengine.

"Umbo hili ni la nani, mzee?"

"La wazee."

"Wazee gani? Wana majina?"

"Wamekufa."

Mama akashindwa kuvumilia. "Baba Skola, mficha uchi hazai! Sema!"

"Chema chajiuza, mama Skola. Niache."

Skola ni mimi. La jembe nililijua, ila mtoto haingilii wakubwa. Mgeni akaandika huku akisoma kwa sauti: mwenye gari ndiye aliyebuni, fundi aligonga tu.

"Aligonga tu?" baba akauliza.

"Ndivyo ulivyosema, mzee."

Siku hizi nikipita mtaa wa Izia naona vijana wa kuchomelea wameandika majina na namba za simu kwenye kila geti, hata lililopinda. Siwacheki. Hao wamepona ile hofu ya wazee wetu. Lile gari naamini lipo huko, linapigwa picha chini ya jina la mtu ambaye hakushika hata bati, na nikifa mimi, basi, hakuna atakayejua.

Baba alimsindikiza mgeni hadi barabarani kwa heshima zote, akarudi akijisemea "aligonga tu", akanawa mikono, akavaa koti.

"Unakwenda wapi na chai iko mezani?" mama akamuuliza.

"Nakuja."

Akashika njia ya Matai, upande wa kwao kwa wahunzi, hakugeuka nyuma, na hakurudi tena.