Siku Dola Ilipopewa Bei ya Pauni

Meneja wa hoteli niliyofanyia kazi Nyeri alikuwa mjinga aliyevaa vizuri. Nimetafuta neno la upole zaidi miaka yote hii, sijalipata. Kila asubuhi saa tatu alijifungia ofisini, ati anapiga simu Nairobi. Kisha alitoka na kikaratasi, akasimama mbele ya ubao uliokuwa nyuma ya meza yangu ya mapokezi, akabadilisha bei ya dola na ya pauni, tarakimu moja moja, huku sisi wafanyakazi tukitakiwa kunyamaza. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, shilingi haikutulia hata wiki moja, na watalii waliokuja kupanda mlima walibadilisha fedha zao kwetu kwa bei ya ubao ule.

Asubuhi moja nilimpelekea chai akiwa kwenye hiyo simu yake. Mkono wa simu ulikuwa umelala mahali pake. Yeye alikuwa anasoma gazeti la juzi, kidole kwenye safu ya bei za fedha. Hakuona haya.

"Funga mlango, msichana," akasema.

Kuanzia siku hiyo sikuweza tena kunyamaza mbele ya ubao kwa heshima. Nilinyamaza kwa dharau.

Hoteli ilikuwa na kompyuta moja, iliyounganishwa na laini ya simu ili tupokee barua za mawakala wa watalii. Mimi nilikuwa nimesomea kompyuta miezi sita Karatina, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la mbegu, kwa hiyo kazi hiyo niliachiwa mimi. Basi akaja Mholanzi mmoja aliyeshindwa na mlima, kichwa kikimuuma, akakaa kwetu siku nne bila la kufanya. Nilipomweleza habari ya gazeti la juzi alicheka mpaka akashika paji la uso. Akanipa disketi.

Ndani yake mlikuwa na kitu ambacho wataalamu wa kompyuta wanakiita maktaba, ingawa haina vitabu. Ni kipande cha programu ambacho mtu mwingine ameshaandika na kugawa bure. Wewe unaandika mistari michache ya kukiita, nacho kinafanya kazi. Hiki kilikwenda kwenye ukurasa wa benki moja ya ng'ambo, kikasoma mstari wa kwanza kama dola na wa pili kama pauni, kikaniletea bei. Niliandika mistari kumi na miwili. Laini ya simu ililia, ikakoroma, na baada ya dakika mbili bei ya siku ile ile ikawa kwenye kioo.

Meneja aliiita mchezo wa watoto. Wiki iliyofuata mwenye hoteli, mkulima tajiri wa majani chai, aliiona akaisifu. Kufikia saa ya chakula cha mchana, kinywani mwa meneja ilikuwa imeshakuwa "mfumo wangu mimi." Aliwaonyesha wageni. Hakujua hata kuiwasha.

Kila asubuhi niliichapisha bei kwenye karatasi, meneja akainakili ubaoni, na miezi miwili ikapita salama. Kisha asubuhi moja, mama aliyekuwa akipangusa ubao, mwanamke wa Gakindu ambaye aliacha shule darasa la nne, akanigeukia na kitambaa mkononi.

"Msichana yangu, hii dola jana ilikuwa sitini na kitu. Leo imekuwa mia moja?"

Nilitazama. Dola mia na zaidi, pauni sitini. Ile benki ilikuwa imepanga ukurasa wake upya na kuiweka pauni juu ya dola. Programu haikujua, ilisoma mistari tu kama ilivyofundishwa. Na mimi niliyeichapisha ile karatasi sikuwa nimeisoma.

Kufikia hapo Wamarekani wa basi zima walikuwa wamepanga foleni, wanatabasamu, wanatoa noti ambazo hawakuwa na haja ya kubadilisha. Nilimkimbilia meneja.

"Bwana meneja, bei zimebadilishana nafasi. Tusimamishe."

"Kompyuta haikosei," akasema, akaninyooshea kiganja ninyamaze.

Hapo alikuwa anamhutubia Mwingereza mzee mwekundu wa hasira aliyetaka kujua pauni yake imepatwa na nini.

"Imeanguka, sir," meneja alimwambia, mikono nyuma kama mhadhiri. "Ni mambo ya uchumi wa dunia. Hata sisi tumesikitika."

Sijapata kumdharau mtu kama nilivyomdharau yule dakika ile. Nilikwenda mwenyewe nikang'oa tarakimu zote ubaoni. Foleni ilipiga kelele.

Mwenye hoteli alifika saa nane, mabuti yana matope. Meneja alimngojea mlangoni. "Ni huyu msichana na mashine yake."

"Kosa la kwanza ni langu," nilisema. "Sikusoma karatasi. Lakini nilimwambia, akakataa."

"Ni ukweri," akasema yule mama, bila kuulizwa. "Mimi niliona, huyu akamwambia. Yeye akasema ati pauni imeanguka."

Mwenye hoteli akafanya kile ambacho wenye mali wa kwetu hufanya: alimwacha kazini, kwa kuwa walioa nyumba moja, akaamuru kompyuta irudie barua tu. Usiku huo huo niliongeza mistari mitatu, programu ikatae bei yoyote inayoruka mno kuliko ya jana. Hakuna aliyetaka kuiona. Gazeti la juzi lilirudi kazini.

Niliondoka baada ya miezi mitatu, nikafundisha kompyuta Karatina. Kitu cha kwanza nilichowafundisha wanafunzi wangu ni kusoma kwa macho yao jibu ambalo mashine imewapa. Mwaka uliofuata shule moja ya Kutus ilinialika siku ya wazazi. Mgeni wa heshima alikuwa meneja wangu, amevaa tai mpya, akizungumza nusu saa juu ya kompyuta na kesho ya taifa. Wazazi walisimama kumpigia makofi. Mimi nilibaki nimeketi.