Kamera Iliyovuka Mto

Naila na mdogo wake Bilal walikuwa na studio ya picha Kitui mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Naila alipiga picha za harusi upande wa wanawake, ambako mpiga picha mwanamume haingii. Bilal alizunguka vijijini, kwenye shule na kwa vikundi vya akina mama wanaojenga mabwawa ya mchanga ya kuhifadhi maji mitoni. Kamera yao ilikuwa moja, na ilipokufa waliweza kununua moja tu.

Muuzaji aliwawekea mbili mezani. Moja ilikuwa kubwa, ya kubadilisha lenzi. Nyingine ilitosha mfukoni na ilikuwa ngumu kama jiwe. Aliitumbukiza kwenye ndoo ya maji mbele yao, akaitoa, akapiga nayo picha.

"Hii ndiyo yangu," Bilal alisema. "Dada, si unajua vumbi la kule Tulia? Na mvua ikinyesha, mito ya huko haina daraja."

"Na bibi harusi akiketi kwenye taa hafifu, hiyo itaona nini? Harusi ndizo zinatulisha."

Walibishana mpaka muuzaji akawaagizia chai. Mwishowe Bilal aliinua ile kubwa, akamlenga dada yake, akabofya. Picha ilipotokea aliisogeza karibu na macho. Uso wa Naila ulionekana wote, hadi unywele mmoja mmoja wa nyusi, na nyuma yake duka lilikuwa limeyeyuka likabaki rangi tupu.

"Sawa, tuchukue hii," alisema. "Nitaibeba kama mtoto."

Na aliibeba hivyo. Siku bodaboda ilipomwangusha, aliangalia mkoba kwanza, magoti baadaye.

Mvua za Novemba zilimkuta ng'ambo ya mto, kule Tulia, alikoenda kupiga picha bwawa jipya akiwa na Kitonga, fundi wa bwawa hilo. Wakirudi, mto waliouvuka asubuhi ukiwa mchanga mkavu ulikuwa umeanza kujaa. Watu walikuwa wamefunga kamba kutoka ukingo hadi ukingo. Kitonga alitangulia, akavuka. Bilal akafuata, maji yakimfika kifuani, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine umeinua mkoba juu ya kichwa.

"Wachana nayo!" Kitonga alipiga kelele. "Shika kamba na mikono yote!"

Bilal alikuwa amebakisha hatua chache wimbi lilipokuja. Aliachilia kamba, akautupa mkoba kwa mikono miwili. Kitonga akaudaka. Alipoinua macho, Bilal hakuwepo.

Walimpata kesho yake upande wa chini wa mto, amenaswa kwenye mizizi ya mkuyu, wakamzika siku hiyo hiyo.

Kitonga alileta mkoba mwenyewe. "Haukuingia maji hata tone," alisema, kisha akaangua kilio. Naila hakumlaumu. Alimpa kiti na maji ya kunywa. Mama yao alisema kitu hicho kisilale nyumbani kwake, kwa hiyo Naila alikifungia studio, na yeye mwenyewe akaacha kwenda huko.

Ile kamera ndogo, aliwaza, Bilal angeining'iniza shingoni. Angeshika kamba kwa mikono yote miwili, afike nyumbani amelowa chapachapa, aulize chakula kiko wapi. Watu walimwambia ni kadari ya Mungu. Alijibu ndiyo, akaendelea kuwaza.

Arobaini ilipopita, Mwanamkasi, jirani aliyekuwa akimwoza binti yake, alikuja. "Mwanangu, siwezi kumwingiza mwanamume kwa wanawake wangu. Nisaidie."

Naila akafungua studio. Ndani ya kamera alikuta picha za mwisho za ndugu yake: akina mama wamebeba mawe, wanacheka. Hakufuta hata moja. Alitoa kadi yenye picha hizo, akaweka nyingine.

Harusini alifanya kazi vizuri. Bibi harusi alipojiona kwenye picha, aliziba mdomo kwa furaha, na wanawake wakapiga vigelegele. Naila akatoka nje, hadi penye sufuria za pilau, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kwa sauti.

"Harusi huliza," mpishi mmoja alisema akitabasamu, akampa leso.

Naila alijifuta uso, akamshukuru, akarudi ndani, maana walikuwa wanamwita keki ikatwe.